Kiti cha Kola

Nuku'alofa, 6 Machi 1988

Mpendwa Shangazi Kalolaine,

Shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, mbele ya Mungu na watu wote wa Tonga, natangaza kwamba ofisi yangu ya meneja wa kiwanda cha masweta sasa ina mlango. Umewekwa Jumatatu. Paongo, fundi wetu wa mashine, ameupaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye boti ya shemeji yake. Selu wa mashine za kufuma aliuombea dua bila kuombwa, akamshukuru Mola kwamba sasa meneja ana kitu cha kufunga akitaka kusinzia. Mlango hauna kitasa. Kitasa kinakuja na meli.

Huku nyumbani wote hawajambo. Shangazi Fusi, mdogo wako, bado anatupigia pasi masweta kwa hasira ileile ya mwaka jana; pasi inafuka na yeye anafuka. Mvua imenyesha vizuri, viazi vikuu vimenenepa. Nguruwe wa jirani aliingia kanisani katikati ya kwaya, na waliokaa nyuma wakasema sauti ya nne imepatikana.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika. Bwana Haddow, tajiri wetu, ameniletea oda kubwa ya masweta ya shule za huko kwenu New Zealand. Yanatakiwa yapande meli ya mwisho wa Mei, kabla baridi haijawashika watoto. Tukishindwa, mashine zote zitafunguliwa zipelekwe Suva, Fiji. Wanawake wa hapa watarudi majumbani, na mimi nitabaki na mlango.

Unajua kazi hii sikuisomea. Niliiokota kwa kutazama, kuanzia siku nilipokuwa nafunga maboksi huko Auckland. Basi wiki nzima nimekaa natazama tu. Wafumaji wanafuma haraka, mbele, nyuma, mikono, vipande vinatoka kama majani. Halafu vyote vinakwama mahali pamoja, kwenye mashine ya kola. Tunayo moja tu, ile ya duara yenye sindano pembeni kama taji, na kila kitanzi cha uzi lazima kivishwe sindano yake kwa mkono. Kiwanda kizima kinapita hapo, kama waumini wanavyopita mlango mmoja baada ya mahubiri marefu. Kwa hiyo masweta tunayotoa ni yale tu ambayo mashine ya kola imeyatoa, hata wengine wote wafume mpaka wachubuke vidole. Na ubaya zaidi, mengi yanatupwa mwishoni kwa kuwa na kasoro.

Nitaona la kufanya. Wote wanakusalimu.

Mwanao,
Uikelotu

*

Onehunga, 20 Machi 1988

Mwanangu Uikelotu,

Marahaba. Mimi sijambo isipokuwa goti, na goti halijambo isipokuwa ngazi. Mchungaji wetu mpya anahubiri mafupi, watu wameanza kumshuku. Dada yake Paongo amejifungua mtoto wa kike mwenye sura ya Paongo, tunamwombea mtoto.

Nimesoma barua yako, nikaisoma tena. Mlango umepata aya nzima. Nguruwe amepata nafasi yake. Lakini Hingano, binti yangu, ambaye ndiye anayekaa kwenye hicho kiti cha kola unachokililia, hana hata neno. Je, amekufa? Kama amekufa, ningependa kuambiwa kabla ya nguruwe.

Ulipoondoka hapa nilikuomba jambo moja tu. Nilisema umweke binti yangu penye kiti, penye dirisha, penye malipo ya maana. Ukasema, "Ndiyo, Shangazi." Sijasikia kwamba umebadili mawazo, na sitasikia, kwa sababu mawazo hayo si yako, ni yangu, na mtoto wa kaka yangu hanirudishii kitu nilichompa.

Na kwa kuwa umekulia huku, ambako watoto wanawafokea dada zao kama wanafukuza kuku, nakukumbusha. Binti yangu ni dada yako. Huko kwetu kaka hamkosoi dada yake. Dada akikosea, kaka anaangalia kitu kingine. Kwa mfano dari.

Kuna familia moja ya visiwa vya Ha'apai inamuulizia Hingano kwa ajili ya kijana wao, watu wazuri, wana boti. Usimwambie mtu.

Shangazi yako,
Kalolaine

*

Nuku'alofa, 9 Aprili 1988

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti. Paongo nimempa habari za mtoto wa dada yake. Amefurahi mpaka akatoboa bomba.

Hingano hajambo. Dari ya kiwanda naijua sasa vizuri sana, ina mabati mawili yaliyopigwa misumari kinyume. Akija ofisini kuchukua uzi, mimi natoka nje kwanza, maana kaka na dada hawakai chumba kimoja. Kwa hiyo mlango umeanza kufanya kazi: dada anaingia, kaka anatoka. Selu ametuona, akauliza kwa sauti kama ule mlango ni wa ofisi au ni wa ile saa ya ukutani yenye vinyago, maana kila akitoka mmoja anaingia mwingine.

Nina habari njema. Nimegundua kosa letu lilikuwa wapi. Mkaguzi wetu, Mama Siale, alikuwa anakaa mwisho kabisa, baada ya pasi. Sasa fikiria mkono wa sweta wenye tundu. Ulikuwa unapita kwenye mashine ya kola, unavishwa kola, unafuliwa, unapigwa pasi, ndipo Mama Siale anaona tundu na kutupa sweta zima. Yaani mashine moja tuliyo nayo, ambayo kila mtu anaisubiri, ilikuwa inashinda ikiwavisha maiti tai. Basi nimemtoa Mama Siale kule mwisho, nikamweka mbele ya mashine ya kola. Sasa kipande kibovu kinakamatwa kabla hakijamfikia Hingano, kinarudi kwa aliyekifuma.

Aliyekifuma mara nyingi ni Selu.

"Mama Siale," alisema siku ya kwanza, "mwaka mzima matundu yangu hukuyaona. Umepata macho mapya?"

"Macho ni yaleyale, mwanangu. Nimesogezewa karibu tu."

"Basi usogezwe tena. Upelekwe Fiji."

Ili Mama Siale apate mwanga wa kukagulia, meza yake nimeiweka dirishani, na mashine ya kola nimeisogeza ndani kidogo, ukutani. Naona ni sawa. Masweta mazima yameongezeka sana, hata Bwana Haddow ameleta telegramu ya neno moja: Vizuri.

Limebaki jambo dogo. Kola zenyewe. Wiki hizi mbili baadhi zinafumuka. Kitanzi kimoja kikirukwa, mtoto akivuta sweta kichwani kinamwachia jirani yake, na huyo jirani anamwachia wa pili, mpaka shingo inabaki wazi kama mdomo wa samaki. Mkono ukiharibika tunafuma mwingine, wafumaji wana nafasi. Lakini kinachoharibika kwenye mashine ya kola kimekula nafasi ya kiwanda kizima, na nafasi hiyo hairudi.

Nauliza tu, bila sababu yoyote. Hingano alipokuwa mdogo, alipenda kazi za sindano?

Mwanao,
Uikelotu

*

Onehunga, 19 Aprili 1988

Mwanangu,

Marahaba. Huku baridi imeanza kubisha hodi. Mchungaji amerefusha mahubiri, watu wametulia.

Swali lako la sindano sikulielewa. Hingano aliimba vizuri.

Umeandika kwamba umesogeza mashine yake. Irudishe dirishani. Sikuombi, nakuambia. Usiniulize kwa nini, na usimuulize yeye, na Fusi usimuulize kabisa.

Barua hii nampa mzee Vaisima, anasafiri kesho, itafika haraka kuliko posta.

Shangazi yako,
Kalolaine

*

Nuku'alofa, 4 Mei 1988

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Huku wazima. Shangazi Fusi ni mzima kupita kiasi. Mzee Vaisima pia ni mzima, alipitia kwanza harusi ya mpwa wake kule Ha'apai, akanywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, mpaka sikukuu zikaisha, na barua yako amenikabidhi jana mchana, akaniambia, "Pole, kijana, ilikuwa kwenye mfuko wa koti la harusi." Ungejua jinsi nilivyoisoma. Ningeipata wiki moja mapema ningekuwa mtu.

Kwa kuwa nina hakika habari imekwisha kukufikia kwa njia ya kanisa, nakueleza ilivyokuwa hasa, isije ikakuzwa. Ingawa sioni namna ya kuikuza.

Kola ziliendelea kufumuka. Asubuhi zilikuwa chache, kuanzia saa tisa alasiri zilikuwa nyingi. Bwana Haddow alipiga simu. Alisema, "Mweke mtu mwingine hapo." Nikasema nitaangalia. Nikaangalia dari.

Nisingeweza kumwondoa, umenikataza. Nisingeweza kumwambia, ni dada yangu. Nilifikiri nimtume Mama Siale, lakini Mama Siale akasema, "Mimi ndiye nimechukua dirisha lake, sasa niende kumwambia kazi yake mbaya? Nenda wewe, una mlango." Basi nikapata akili. Nilijiona mjanja. Nikasema moyoni, sitamwambia mtu yeyote. Nitawaambia watu wote.

Ijumaa baada ya chakula nikawakusanya, nikapanda juu ya robota la sufu, mzigo mrefu kama meza. Nikasema kwamba wapo miongoni mwetu, sitawataja, ambao wanaruka vitanzi vya kola. Nikasema kola ndiyo shingo ya kazi yetu. Nikasema hao wanaoruka vitanzi wajichunguze, maana wanakula jasho la wenzao, na kwa sababu yao mashine zinaweza kwenda Suva. Nilisema vizuri, Shangazi. Nilipaza sauti mahali pa kupaza.

Watu wote waliinamisha vichwa. Mwanzoni nikadhani ni ibada.

Ndipo Selu akanyoosha mkono kule nyuma. "Bosi, hao wanaoshona kola, wako wangapi? Wasimame tuwaone."

Hakuna aliyecheka. Hata Selu mwenyewe aliziba mdomo, alikuwa ametania kwa mazoea tu. Kiwanda kina mashine moja ya kola. Ina kiti kimoja. Kwenye kiti alikuwa dada yangu, na mimi kaka yake nilikuwa nimesimama juu kuliko kichwa chake, nikimsema mbele ya watu, mbele ya akina mama wa kanisa lake, mbele ya wanawake wenzake wote.

Hingano alisimama. Alikunja aproni yake taratibu, akaiweka juu ya mashine, akatoka. Hakunitazama. Mimi nilikuwa bado juu ya robota. Hakuna namna nzuri ya kushuka kwenye robota la sufu, Shangazi; unateleza kwa makalio.

Shangazi Fusi aliacha pasi juu ya sweta ikaunguza, akaja mpaka mbele yangu. "Baba yako," alisema, "alikuwa hawezi hata kukohoa mlangoni kwa Kalolaine. Wewe umepanda mzigo." Basi, akarudi kuzima pasi.

Hingano hajaja kazini tangu siku hiyo. Kwenye mashine nimemweka msichana mwingine. Kola zake hazifumuki, lakini yeye ni mgeni wa kazi, anatoa chache kuliko mvua ya Julai. Meli ni mwisho wa mwezi. Hatutaimaliza oda. Siandiki hili ili unihurumie. Kwenda kanisani nimeacha, naogopa kukaa mbele na naogopa kukaa nyuma. Watu wananisalimu kwa upole mno. Ofisini naingia kabla wengine hawajafika ili nisionekane nikiingia, na mlango nilioutangaza kwa mbwembwe sasa naegemezea kiti ufungike.

Mashine nimeirudisha dirishani. Imekaa hapo inamulikwa na jua, haina mtu wake.

Mwanao, kama bado,
Uikelotu

*

Onehunga, 13 Mei 1988

Uikelotu,

Salamu.

Habari ilinifikia Jumapili, kwenye ngazi za kanisa, kutoka kwa mwanamke ambaye simpendi. Alinishika mkono ili anipe pole vizuri. Goti langu halikuuma siku hiyo. Lilikuwa na aibu kama mimi.

Nilikuandikia barua mbili kabla ya hii, nimezichana. Ya kwanza ilikutukana wewe. Ya pili ilinitukana mimi, nayo ilikuwa ndefu zaidi.

Utafanya hivi. Utakwenda nyumbani kwa Fusi, mchana, watu wakiona. Utavaa kiunoni mkeka wetu wa desturi, uliochakaa kabisa, wa mtu anayeomba radhi, sio ule mzuri wa baba yako. Utakaa chini, nje, na nguruwe wa kuokwa na mzizi wa kava, na hutasema neno mpaka usemeshwe. Usipeleke mtu akusemee. Umekwisha kusema na umati, sasa nyamaza peke yako.

Mjukuu wa Vaisima anakuletea kifurushi. Kina sweta langu la zamani, na ndani ya sweta kuna kitu kigumu. Mpe Fusi, Fusi atampa Hingano. Usikifungue. Watu wa Ha'apai wakisikia, wasikie. Afadhali wasikie hilo kuliko wasikie kwamba binti yangu ni mzembe.

Nilitaka dirisha. Sikusema zaidi. Ungekuwa mimi, nawe usingesema.

Kalolaine

*

Nuku'alofa, 12 Juni 1988

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo.

Huku hatujambo. Mvua zimepungua. Yule nguruwe wa jirani hayupo tena, na utaelewa alikwenda wapi nikikuambia kwamba nilimnunua kwa haraka.

Nilikwenda Jumamosi ya tarehe 21 Mei, mchana, kama ulivyosema. Mkeka nilioazima kwa Paongo ulikuwa umechakaa hata kupita unyenyekevu. Ulikuwa na tundu ambalo Mama Siale angelirudisha kiwandani. Nilikaa chini nje ya nyumba ya Shangazi Fusi. Watu walipita, wakasalimia nguruwe. Jua likanichoma, halafu likaja wingu likaninyeshea, halafu jua tena. Shangazi Fusi alikaa kibarazani anasuka, hanioni.

Baadaye sana Hingano akatoka na beseni la nguo, akaanza kuanika. Alisema bila kugeuka:

"Shangazi Fusi, kuna mtu amekaa kwenye njia ya maji."

"Namwona. Ni meneja."

"Mwambie asogee, atalowa tena."

"Meneja, umesikia? Sogea."

Nikasogea. Nikatazama chini. Hapakuwa na dari.

"Shangazi Fusi," akasema tena, "mwulize huyo mtu, yale maneno ya kwenye robota aliyatoa wapi? Maana hakuwahi kuongea hata mara moja tangu aje."

Shangazi Fusi akaniuliza. Nikalia, Shangazi. Sikulia kwa hesabu, kilio kilikuja chenyewe. Hingano akaendelea kuanika mpaka beseni likaisha. Kisha akamwambia Shangazi Fusi nguruwe aingizwe ndani, anapata nzi. Nguruwe alipoingizwa nikajua nimesamehewa, ingawa mimi sikuingizwa.

Kifurushi nilimpa Shangazi Fusi. Sikukifungua. Jumatatu iliyofuata Hingano alikuja kazini, akakaa kwenye kiti chake pale dirishani, akatoa miwani yenye fremu ya kahawia, akaivaa kama mtu anayevaa kofia ya vita mbele ya jeshi. Kiwanda kizima kikaacha kufuma. Selu alifungua mdomo, Mama Siale akamwambia, "Jaribu tu." Selu akaufunga. Nikaelewa kwamba dirisha ulilolitaka halikuwa la upepo, na kwamba mimi kwa mikono yangu nilimtoa kwenye mwanga, kisha nikapanda mzigo kumsema kwa sababu haoni. Sikuuliza lolote. Siulizi sasa.

Kola hazikufumuka tena. Asubuhi wala jioni. Mama Siale naye tumemkatia dirisha lake. Paongo alilikata kwa msumeno, kubwa kuliko nilivyomwagiza, ng'ombe anaweza kupita. Tulifanya kazi kama watu waliokabwa, na meli ya mwisho wa Mei ilichelewa yenyewe kwa ubovu wa injini, Mungu aibariki injini hiyo. Oda yote ilipanda. Bwana Haddow amesema mashine zinabaki. Na watu wa Ha'apai walikuja Jumapili iliyopita. Mama wa kijana aliiomba miwani aijaribu, akasoma Zaburi nzima, akauliza inauzwa wapi.

Jana Hingano alikuja ofisini kuchukua uzi. Nilisimama nitoke. Akasema, akiutazama mlango, "Kitasa bado hakijaja?" Nikasema bado. Akachukua uzi akaenda. Ni mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, nami nimeyaandika hapa yote.

Nimejifunza, Shangazi. Naapa sitarudia. Akikosea mtu, nitamfuata mwenyewe, kwa upole, nitamwambia yeye peke yake, wala sitaangalia dari.

Mwanao,
Uikelotu

Nyongeza: Kwa kuwa kola sasa zinakwenda mbio, masweta yameanza kulundikana mahali pengine, kwenye meza ya pasi, na baadhi yanatoka yameungua kwapani. Anayepiga pasi ni Shangazi Fusi.